Binti Aliyezaliwa Kwenye Theluji

Jumamosi nilikuwa nasukwa nywele katika saluni ya Wakongo, Pinetown, Afrika Kusini, jasho likinitiririka, simu ya msusi wangu ilipolia. Mdogo wake anaishi Kanada, katika kijiji kidogo kwenye tambarare za ngano. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika, na theluji imefunga barabara ya hospitali.

"Yaya, usilie," alisema shemeji yake kwenye simu, akimwita dada mkubwa kwa lugha ya kwao. "Majirani wamefika."

Majirani hao ni Wakri, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao makazi yao yanapakana na kijiji. Mkunga wao alikuja kwa pikipiki ya theluji, amejifunika blanketi mpaka puani.

Msusi aliachia nywele zangu, akapiga magoti, simu mikononi. Mtu akazima redio. Tulingoja hivyo, wanawake wa saluni nzima, mpaka tukasikia kilio chembamba.

"Ni bébé fille, mtoto wa kike!" msusi alipiga kelele. "Iko muzima! Mama yake pia iko muzima!"

Kwenye kioo cha simu mkunga alimwinua mtoto, akacheka.

"Aksanti, mama! Aksanti sana!" msusi alimwambia. Mkunga hajui Kiswahili, lakini aligusa kifua chake, akaitikia kwa kichwa.

Sisi wageni, ambao kila siku tunaulizwa tutarudi lini kwetu, tulipiga vigelegele mpaka dereva wa teksi akachungulia mlangoni.

"Eish, timu gani imeshinda?"

"Yetu!" tulimjibu kwa pamoja.