Kitanda cha Dirishani Kilichoitika

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Eliwaza alinifundisha habari ya magodoro kabla ya yote: mgonjwa akifa, godoro linaanikwa juani, kitanda kinabaki chuma kitupu. Shule nilikuwa nayo kidogo, lakini hilo halikutaka kusoma. Nilikuwa mhudumu wa wodi, yaani sisi tunaodeki, kutandika na kuogesha wasiojiweza, kwenye kituo cha afya upande wa Itigi, karibu na reli.

Miaka ile ya soko huria glovu zilikuwa adimu, ndugu wa mgonjwa ndio wanazinunua. Ndipo akaletwa Jumanne, fundi wa reli, kifua kimembana. Aliyemleta ni Hamisi, muuza asali. Waliishi chumba kimoja kama watu waliooana, na mji mzima ulijua.

Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, alikuwa Bwana Ntandu. Akasema, "Hamisi asivuke mlango huu. Na huyo mpeni dawa, basi. Msimshikeshike."

"Bibi harusi haogi leo?" Sista Eliwaza akacheka.

Hamisi akanipitishia glovu dirishani. "Shikamoo Mama Anna. Wavae hizi, basi wamguse."

Bwana Ntandu akamrudishia.

Basi Hamisi akawa anasimama nje, anagonga nondo za dirisha kwa kijiko, mara mbili. Jumanne anamwitikia kwa kikombe kwenye chuma cha kitanda. Sauti ilimwisha, kikombe kikabaki.

Asubuhi moja akakata roho. Godoro nikalianika, kikombe nikakifungia kabatini. Sijamaliza kudeki, Hamisi huyo, anagonga. Habari hakuwa nazo. Kwenye kile kitanda kitupu, chuma kikalia mara mbili.

Sista Eliwaza akadondosha trei. Bwana Ntandu jasho linamtoka. "Mama Anna, kamfungulie."

Nikamwambia Hamisi mwenzake ametutoka.

"Acha utani, mama. Si ameniitikia sasa hivi?"

Bwana Ntandu akampeleka mwenyewe chumba cha maiti. Hamisi akazitoa zile glovu mfukoni, akampa Bwana Ntandu. Akazivaa. Wakamwosha Jumanne pamoja.

Baada ya Bwana Ntandu nilifanya kazi chini ya Bwana Mughenyi, kisha Sista Felista. Kitanda kile hakuna mgonjwa aliyekubali kukilalia. Sasa nimestaafu, nalima alizeti. Nyinyi mnaovaa sare leo, mkisikia mtu anagonga nje, mfungulieni mapema, wakati mwenzake angali anaweza kuitika kwa mdomo.