Marashi kwenye Mlima wa Nyuki

Miaka ya tisini, nikiwa mwalimu kijana pale Ilembo, nilijiona mtu wa maana kwa sababu nilikuwa na redio, baiskeli na suruali mbili za kitambaa. Nilikuwa nimemposa binti wa mrina asali mmoja wa upande wa Mwamkulu, na nilimpenda kweli. Baba yake hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba kabla ya kunijibu, nimsindikize mlimani kwenye mizinga yake.

Nikamwambia milima nimeizoea tangu chuoni. Mlima pekee niliowahi kuupanda chuoni ulikuwa ngazi za bweni.

Siku ya safari nilijipaka marashi ya kuazima, nyuma ya masikio na kwenye kola, maana nilijua binti ndiye atakayenifungulia mlango. Mzee akatoka na shoka na kamba, akanipa kamba nibebe, akanitazama.

“Mwalimu, umejipaka kitu? Nyuki hawapendi harufu.”

Binti alikuwa amesimama palepale. Nikasema hapana.

Chini ya mlima akaniuliza tena. Nikakana kwa sauti ya kuudhika, kama mtu aliyesingiziwa. Tukapanda. Viatu vyangu vya ngozi viliteleza kwenye nyasi kavu, nikipanda hatua tatu nashuka mbili, na sehemu nyingine nilipita kwa magoti. Mzee, aliyevaa ndala, alinisubiri kwenye kila jiwe akijifanya anapumzika. Nilimshukuru na kumchukia kwa pamoja.

Tulipofika kwenye mti wenye mzinga, akawasha majani ya kufukizia nyuki, akauliza mara ya tatu. Jasho lilikuwa limeyaamsha marashi hata mimi mwenyewe nikayasikia. Nilitamani kusema kweli, lakini nilikuwa nimeshakana mara mbili.

“Hapana, mzee.”

Nyuki waliukwepa moshi wake wakaja moja kwa moja kwangu. Nilitupa kamba, nikateremka mlima kwa makalio, nikimwita mama yangu aliyekuwa mkoa mwingine. Mzee akanikimbilia, akanifunika kwa koti lake. Waliobaki wakamgeukia yeye, na jicho lake moja likafumba kabisa.

Tulipofika kijitoni, chini ya mlima, nikakiri.

“Nilijipaka marashi, mzee. Nisamehe.”

“Niliyasikia tangu mlangoni.”

“Sasa mbona ukanipandisha?”

Akachovya kitambaa majini, akakiweka jichoni.

“Nyuki nawajua, mwanangu. Wewe ndiye niliyekuwa sikujui.”

Uso wangu ulivimba siku nne, wanafunzi wakawa wanakuja dirishani kunitazama. Siku ya tano barua yangu ya posa ikarudishwa, kwa heshima zote, pamoja na chupa ya asali ya kupaka kwenye majeraha. Nililia sana. Kisha nikaila ile asali yote kwa kijiko, peke yangu.