Punda Aliyerudi Nyumbani

Mimi nina hasira za karibu, na hilo hata watoto walilijua. Kila Jumamosi asubuhi niliwapokea kwenye chumba cha maktaba yetu ya mtaa, hapa Arusha mjini: watoto kumi na wawili wa darasa la tano na la sita, umri ule ambao mtu anajiona mkubwa mno kusomewa hadithi lakini bado anagombania kiti cha mbele. Utaratibu ulikuwa mmoja. Ukimaliza kitabu, unasimama na kutusimulia, mwanzo hadi mwisho. Niliuweka mwenyewe, kwa sababu wapo waliorudisha vitabu wasivyovifungua, wakinitazama usoni bila haya.

Siku moja alisimama msichana wa miaka kumi na mmoja kutoka mtaa wa Kwa Mrombo, mpole, wa sauti ndogo. Alisimulia kitabu cha kijana aliyeibiwa punda wake mnadani, tena kwa ufundi, hata wavulana wa nyuma wakaacha kukanyagana. Mwishoni, akasema, punda alikata kamba, akatembea siku tatu, akafika nyumbani alfajiri na kugonga mlango kwa kichwa.

Kitabu hicho nilikuwa nimekisoma zamani. Punda harudi.

"Hukusoma," nikamwambia. "Umetutungia uongo. Kaa chini."

Wenzake wakacheka. Yeye hakubisha. Kwetu mtoto hambishii mtu mzima, na siku hiyo malezi hayo yalinilinda nisivyostahili. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Jumatatu yake nilikuwa nabandika kwa gundi migongo ya vitabu vilivyochoka. Hicho cha punda kikanifungukia mikononi: kurasa nne za mwisho hazikuwepo. Zilichanwa siku nyingi, maana vipande vilivyobaki kwenye uzi vilishageuka njano. Hadithi iliishia punda yuko kwa mwizi, amefungwa. Mtoto alifika hapo, akaiogopa sheria yangu ya mwanzo hadi mwisho, akamtafutia punda njia ya kurudi. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila wangu ulikiponza kichwa cha mwenzangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilimkuta sokoni Kwa Mrombo, akimsaidia mama yake kupanga nyanya kwa mafungu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu, mwalimu," mama akadakia. "Huyu kakosa nini tena?"

"Hajakosa. Nimekosa mimi." Nikamweleza yote, nikamwomba mtoto radhi palepale.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atacheka, yaishe.

"Asante kwa kuja," akasema. "Ila mwalimu, ulimsema mbele ya wenzake. Huko shuleni sasa wanamwita Mwongo wa Punda. Samahani ya hapa kwenye nyanya, nani kaisikia?"

Nikamwomba amlete Jumamosi. Nikamgeukia mtoto. "Mbona hukuniambia kurasa hazipo?"

"Ulikuwa umeshakasirika."

Jumamosi mtoto alikuja na mama yake, ambaye alibaki mlangoni, kanga begani. Nilisimama pale wanaposimama wao wakisimulia. Nikawaonyesha kitabu kisicho na kurasa za mwisho, nikasema nilimwita mwenzao mwongo na hakuwa mwongo, nilikosea, na ninamwomba radhi mbele yao wote. Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuwafundisha mtu mzima akiomba radhi anajibiwaje. Mvulana mmoja akaropoka, "Pole, mwalimu," kana kwamba nimejikwaa.

Yule msichana akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo kwenye kitabu chenyewe punda alirudi?"

Nilitamani sana kumwambia alirudi. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kuomba radhi, na macho ya watoto wote kumi na wawili yalikuwa usoni kwangu, pamoja na ya mama mlangoni.

"Hakurudi," nikasema.

Akakitazama kitabu mkononi mwangu.

"Basi aliyezichana kurasa hizo alifanya vizuri."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama akajiziba mdomo kwa kanga. Nami nikacheka mpaka machozi, ya kicheko na yale mengine. Mtoto akapita katikati ya wenzake, akavuta kiti cha mbele, akakaa.