Hatua Sita za Zena

Wasomaji wenzangu, mwongo ni mimi, msimtafute mwingine. Jina langu silitaji kwa aibu, lakini kosa nitalisema lote leo, maana limenikaa kooni miaka sita.

Nilikuwa yaya katika shamba moja la mkonge upande wa Ngerengere. Akina mama wakienda kuanika nyuzi, watoto wao walibaki bandani kwangu. Kwa kuwa nilijua kuandika, nesi aliyetoka mjini kila mwezi alinipa daftari. Kila mtoto na ukurasa wake: anaweza nini, na mwezi huu afundishwe nini. Si wote kwa pamoja, alisisitiza. Mmoja mmoja!

Zena alikuwa na miaka miwili na hajasimama. Nesi akaniambia, "Huyu mshikize ukutani kila asubuhi, ajaribu miguu. Mvua zikiisha bado hajasimama, andika, nimpeleke hospitali."

Jamani, sikumshikiza hata siku moja! Kulikuwa na uji wa kupika na watundu wa kukimbiza. Zena alikuwa mpole, tena mwepesi. Nilimfunga mgongoni kwa kanga, kazi zikaenda. Nilimpenda, msidhani nilimchukia.

Nesi alipokaribia kurudi, niliandika: Zena amesimama. Mwezi uliofuata: hatua mbili. Kisha: hatua sita. Na mwandiko wangu mzuri! Nesi, mwenye mabanda mengi ya kuzungukia, kila alipokuja alimkuta Zena amelala mgongoni kwangu. Aliposoma hizo hatua sita, akafurahi, akaenda kumpa mama yake habari kulekule kwenye nyuzi.

Jioni ile mama Zena alikuja mbio, mikono imechubuliwa na mkonge. Akachuchumaa mlangoni, akaikunjua mikono kumpokea.

"Njoo, mwanangu! Njoo kwa mama!"

Zena akacheka, akabaki amekaa.

"Njoo basi!"

Hapo ndipo ningesema kweli. Nikasema nini, ole wangu! "Labda kachoka, dada."

Alimwita hivyo siku nyingi. Mwishowe akaniambia kwa sauti ndogo, "Kwako anatembea, kwangu hataki. Kanisusa, dada. Namwacha mno."

Akaacha kazi, akarudi naye kwao Mlali ili mtoto amzoee. Hospitali hakupelekwa. Nani ampeleke mtoto aliyeandikwa kuwa anatembea? Mimi nami sikudumu bandani. Kila mtoto aliyejaribu kusimama alinichoma roho.

Juzi nimekutana nao soko la Morogoro. Zena ana miaka minane, yuko mgongoni, miguu myembamba inaning'inia mpaka kwenye magoti ya mama yake. Nilitaka kujificha. Mama yake akaniona, akafurahi!

"Zena, mwamkie mama aliyekufundisha kutembea."

"Shikamoo, mama."

Nikainamia kapu langu. Mama yake akamketisha juu ya gunia, akanishika mkono. "Mwite wewe, dada. Kwako alikuwa anakuja."

Nilikimbia! Mtu mzima mimi, nilikimbia sokoni na kapu langu nikaliacha palepale.

Nyie mnaolea watoto wa watu, ukurasa wa mtoto ukiwa mtupu, uacheni hivyo hivyo. Mama yake akiuona atauliza. Mama Zena hakuuliza, kwa sababu nilimjibu kabla. Mpaka leo anaamini mwanawe ndiye aliyemkataa.