Jina Nililoruka ku Ndoa

Waliokuwako ni hawa. Kaka yetu mukubwa, mwenye lupango, kiwanja chenye nyumba ya jamaa, kule Nyalukemba. Binti yake wa kwanza, ndiye alikuwa anaolewa. Bibi ya kaka, aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, siku mbili. Wamama saba wa kikundi chetu cha kuimba, na miye mbele yao, shangazi ya bibi-arusi. Halafu mudogo wangu wa kike, anayenifuata kuzaliwa, mwenye kuniita Yaya, ni kusema dada mukubwa. Yeye alikuwa mu jiko la nyuma, mulango umefungwa kwa inje, sababu alikuwa na ugonjwa wa kichwa, akili zilikuwa zinamupotea. Majina yote niko nayo, lakini siyataji hapa. Wenyewe wako hai na wanajuana.

Miye sikusoma sana, niliachia mwaka wa pili. Lakini jina likiingia mu sikio yangu halitoki. Ndiyo maana wananiita ku ndoa. Bibi-arusi akitoka kwao, naimba majina ya jamaa yote, kuanzia mukubwa mpaka mutoto wa mu mugongo, na kila anayeitwa anajibu kwa kigelegele ao anaingia kucheza.

Mbele tuanze, kaka akanivuta pembeni.

— Dada, ule usimuite.

— Ule nani?

— Unamujua. Wakwe wakisikia mu nyumba hii kuna mutu wa kichwa, watarudi na ngombe zao.

Nilimuruka. Nikajiita miye mwenyewe, nikavuta pumuzi, nikataka kupita kwa watoto wa kaka. Sijafungua kinywa, kigelegele kikatoka ku jiko, kirefu. Alikuwa amehesabu zamu yake. Papa mumoja, muzee wa upande wa wakwe, akasema: “Wapishi wenu wako na furaha kuliko bibi-arusi!” Watu wakacheka. Kaka pia. Miye niliendelea kuimba, nikapita kwa watoto wa kaka.

Wageni walipoenda nikamufungulia mulango. Alikuwa amevaa kikwembe, kitenge cha ndoa, amejifunga muzuri.

— Yaya, umezeeka weye. Umeanza kusahau watu.

Nikasema ndiyo, nimezeeka. Sikuwa na nguvu ya kusema kweli.

Ile wiki nilimupeleka mwenyewe kwenye nyumba wanamotunza watu wa kichwa. Kaka alisema ninaaibisha jamaa. Nikamujibu aniandikie barua, nitatafuta mwenye kunisomea. Munganga, dokta wa pale, mwanamuke, alimuuliza mudogo wangu jina lake mbele ya kuuliza ugonjwa. Hiyo ilinipendeza. Dawa zilichukua muda. Leo analala, anapika, anauza mboga ya lenga-lenga ku mulango wangu, na wateja anawagombeza kama zamani.

Tangu wakati ule, kila siku ya ine ya juma miye na wamama wa kikundi tunapanda kule kuwaimbia wagonjwa. Ku ndoa tunaomba sabuni na vikwembe, tunawapelekea. Watu wananiuliza: “Koko, muzee kama weye, na magoti haya, unatafuta nini kwa wale?” Natafuta kuwaita. Nikifika nauliza majina, naimba yote, siruki mutu. Papa mumoja anaitika kila jina, ata ya wanawake, na wenzake wanamuzomea: “Papa, na hii pia ni yako?”

Juzi kaka aliozesha binti yake wa pili, mu lupango ile ile. Mbele tuanze, akanikaribia tena.

— Kaka, leo usinivute pembeni.

— Nataka tu umuite kwa sauti. Siku hizi hasikii muzuri.

Nilimuita mudogo wangu. Aliingia anacheza, mikono juu, akapita mbele ya wakwe wote. Hakuna ngombe iliyorudi.

Tulipokuwa tunaosha masufuria nikamuambia: “Ile ndoa ya kwanza sikusahau. Kaka aliniomba, nikakuruka.” Hakuacha kusugua.

— Nilijua. Weye unaweza kusahau kupumua, lakini si jina. Ndiyo maana nilijibu.

Haya yote mudogo wangu amesomewa na mwenye kuniandikia. Anasema wamama walikuwa sita, wa saba alikuwa amezaa ile wiki, na sombe ilitwangwa siku moja tu, bibi ya kaka anajisifu. Pengine. Weye unayesoma, kama ulikuwako na umeona nimekosea, kuja unirekebishe. Na kama nimeruka mutu, apige kigelegele pale jina lake lilipashwa kuwa. Nitamusikia.