Jogoo Wangu na Jino la Samaki wa Wembere

Nilisafiri kwa sababu ya ubishi. Mwalimu Bakari, mwenzangu shuleni hapa Mandewa, kwao ni Tanga, na tukila samaki lazima anitanie: "Nyie Wanyiramba samaki mmemjulia kwenye lori." Siku moja nikamjibu kwamba mbuga ya Wembere kwetu ilikuwa bahari na nitamletea ushahidi. Nikikosa, namchinjia jogoo wangu mwekundu. Kwetu tunachemsha chumvi ya udongo, na tangu utotoni tunasema penye chumvi palikuwa na bahari.

Asubuhi nilipanda basi. Tulipoanza kuteremka mlima wa Sekenke, mbuga ya Wembere ikatokea chini, pana na kavu, nami nikaiangalia kama mwenye shamba.

Shelui nilipokewa na shangazi Mele, mchemsha chumvi, ambaye nilisikia ameokota meno ya samaki wa kale.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata meno?"

Mchana tulikuwa kwenye vyungu vyake. Udongo ukichujwa, changarawe hubaki kwenye chujio na kumwagwa. Humo ndimo alimoyaona meno yaliyogeuka mawe, meusi, bapa, madogo kama punje za mtama. Nilishika moja, nikaligeuzageuza juani.

"Mtaalamu aliyepita hapa alisema ni ya kusagia konokono," alisema shangazi. "Samaki hao hukaa maji ya kina kifupi."

"Ya bahari?"

"Ziwa. Hata makombe ya konokono tuliyookota ni ya maji baridi. Ziwa likakauka, chumvi ikabaki."

Nilinyong'onyea. Jogoo wangu! Lakini nikaitazama tena mbuga ile, vumbi tupu, nikawaza samaki wakila hapo tuliposimama. Nilijivuna upya, nikaomba jino moja.

"Hayatoki kijijini. Tumekubaliana yawasubiri watu wa mambo ya kale."

Akalikandamiza kwenye donge la udongo mbichi, akanipa alama yake.

Kesho yake nilirudi Mandewa nimelipakata donge kama yai. Mwalimu Bakari aliposikia neno ziwa alishangilia, nami nikachinja. Ahadi ni deni. Safari ilinifunza kwamba kwetu panatosha palivyo, hatuna haja ya kuazima bahari ya mtu.

Mchuzi ulipoisha, Bakari alikuwa bado anakipapasa kile kishimo. Akaniomba donge akawaonyeshe watu wa kwao. Nilimnyima. Aje Wembere aone mwenyewe.