Niliwasha Gari la Kuchezea la Mkuu, Nikakosa Nyumba

Nimefukuzwa nyumbani kwangu na gari ambalo hata paka haenei ndani yake.

Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka, nikanuna, nikacheka tena.

Mimi ni fundi wa mashine za kukata majani katika kiwanda cha magodoro. Shule niliishia pale hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi. Nikaona hawa watu hawana nia njema, nikarudi nyumbani.

Mbele ya ofisi yetu kuna bustani kubwa. Majani yake hayaliwi na ng'ombe wala halali mtu juu yake, lakini yakizidi urefu wa kidole, wakubwa wanaugua. Kwa hiyo nipo mimi.

Kiwanda kina nyumba za wafanyakazi, safu mbili.

Safu ya mbele ni ya wenye familia: chumba, sebule, jiko. Safu ya nyuma ni ya makapera: chumba kimoja watu wawili, na choo cha kupanga foleni.

Mimi na mke wangu tulikaa safu ya mbele. Alikuwa anasuka watu nywele pale sebuleni. Hakuna mwanamke wa kiwanda kile ambaye kichwa chake hakikupita mikononi mwake, na hakuna siri ya ofisi ambayo haikupita masikioni mwangu.

Mwaka jana akaugua ghafla.

Nilikimbia ofisini kuomba gari la kumpeleka hospitali. Gari lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Saini ndiyo ilikuwa mkutanoni.

Basi.

Siendelei hapo. Nikiendelea nitaandika mambo ya kunifunga.

Baada ya maziko, Mkuu alikuja kunipa pole. Mkuu ndiye meneja wa kiwanda. Jina analo, lakini hakuna anayelitumia. Akakaa kwenye kochi, akatazama kuta, akatazama dari.

"Nyumba kubwa hii kwa mtu mmoja," akasema.

Nikadhani ananionea huruma. Kumbe anapima.

Haukupita mwezi, mtu wa utumishi akaja kunikumbusha kanuni. Safu ya mbele ni ya wenye familia. Wewe familia huna tena. Kwa hiyo uelewe.

Kifo kilinifanya mgane, ofisi ikanifanya kapera.

Niliomba, nikabembeleza. Wakanivumilia mpaka siku ya michezo ya kiwanda ipite.

Sasa njoo kwenye gari.

Mkuu ana gari la kuchezea, lakini si lile la betri unalomnunulia mtoto asilie. Hili lina injini ya kweli, ndogo kama yai la bata. Inakunywa mafuta, inatoa moshi, na unaliendesha kwa rimoti ukiwa umesimama mbali kama bwana shamba.

Miaka yote Mkuu alikuwa anatamba. Eti alipokuwa anasoma nje alishindana na magari hayo, eti vikombe vimejaa kabatini kwake. Hakuna aliyeviona, lakini nani atakwenda kukagua kabati la Mkuu?

Bahati mbaya, meneja wa kiwanda jirani cha chupa naye ana la kwake. Akamwambia: haya, siku ya michezo tukutane uwanjani, mwenye kiwanda chenu awe anatazama.

Na wiki hiyohiyo, ajabu ya dunia, gari la Mkuu likagoma kuwaka.

Akaniita ofisini.

"Fundi, wewe si unatengeneza zile za majani?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi na hili ni lilelile. Lijaribu. Likikushinda, siku yenyewe utasimama, utawaambia watu limekushinda. Si aibu."

"Halitanishinda, Mkuu."

"Nasema likikushinda."

"Na mimi nakwambia..."

"Fundi." Akatabasamu. Sijawahi kuona meno ya Mkuu kabla ya siku ile. "Nisaidie kwa hili, na ile habari ya nyumba niachie mimi."

Nilitoka pale nimelikumbatia lile gari kama mtoto wa kwanza, mpaka kwenye kibanda changu cha kutengenezea mashine.

Likiwaka, nabaki na nyumba. Nani angelala?

Injini yoyote inataka vitu vitatu: mafuta, hewa na moto. Nikaanza na moto.

Kwenye mashine ya majani, plagi ina waya mnene unaoleta cheche. Kwenye hili gari plagi ipo, imekaa juu kama kofia. Waya haupo.

Nikalipindua. Nikalifungua. Waya hakuna.

Nikajua. Umeibwa.

Nikaenda stoo. Mtunza stoo tunamwita Mama Stoo. Alikuwa rafiki wa marehemu mke wangu, ndiyo maana mimi ni shemeji yake.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Waya wa plagi wa gari la Mkuu. Wameuiba."

"Nani?"

"Wa juu."

"Wa juu wanaiba bajeti, shemeji. Huo waya wataupeleka wapi?"

Sikumsikiliza. Nikarudi kibandani, nikachomoa waya kwenye mashine mbovu ya majani, nikaufunga kwenye plagi, upande wa pili nikaufunga popote palipokubali. Nikavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Nikavuta mpaka bega likaomba radhi. Kimya.

Mama Stoo alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Huo waya unapata umeme wapi?"

"Wewe tunza stoo."

Akanipokonya spana, akaifungua plagi, akaiinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na waya mwembamba uliojiviringisha kama springi ya kalamu.

"Marehemu baba alikuwa dereva wa lori," akasema. "Asubuhi ya baridi hawashi mpaka plagi zipate joto. Hii nayo naiona ndugu moja na zile. Haitoi cheche. Inapashwa moto."

Akachukua betri na vipande viwili vya waya, akagusisha. Ile springi ikawa nyekundu kama ncha ya sigara.

"Haya, mwizi wako huyu hapa."

Nikamwambia kosa si langu, Mkuu ndiye aliyenipa gari bila maelezo. Akasema sawa shemeji.

Tukairudisha plagi. Kuvuta kamba, kamba imekaza. Pistoni imebana huko juu kama mkubwa aliyekalia kiti. Ukilazimisha, unakata kamba.

"Ni baridi," Mama Stoo akasema. "Chuma kimebana. Kikipata joto kidogo kitaachia."

Joto nilijua liko wapi.

Nilikwenda nyumbani, nikafungua kabati, nikatoa draya ya nywele ya mke wangu. Tangu aondoke sikuwa nimeigusa. Kwenye wavu wake wa nyuma kulikuwa na unywele umenasa. Sijui ni wake au wa mteja.

Sikuutoa.

Nikarudi nayo kibandani, nikaipuliza ile injini hewa ya moto taratibu, kama alivyokuwa anamkausha mtu mwenye kichwa kinachouma. Nikavuta kamba. Ikaja laini.

Lakini kuwaka, bado.

Likabaki suala la mafuta. Ya gari hili ni maalumu, mekundu, yananuka kama rangi ya kucha. Tangi lilikuwa limejaa, lakini mafuta hayasogei mpirani. Nikauchomoa ule mpira, nikapuliza. Haupitishi hata pumzi.

Nikaukamua kwenye ile ncha inayoingia kwenye kabureta. Kikatoka kijiti. Njiti ya kibiriti, imekatwa kwa wembe vizuri, ikasukumwa ndani isionekane.

"Watu wa kiwanda cha chupa!" nikaruka. "Wamelihujumu!"

Mama Stoo alikichukua kile kijiti, akakiweka kiganjani.

"Gari lilikuwa linakaa wapi?"

"Kabatini, ofisini kwa Mkuu."

"Na ufunguo wa kabati?"

"Anao Mkuu mwenyewe."

Akanitazama.

"Basi hao watu wa chupa wana akili sana," nikasema.

Akanitazama tena, kwa macho yale ambayo mke wangu alikuwa akinitazama nikianza kueleza siasa.

"Shemeji," akasema polepole. "Rudisha kijiti."

"Nini?"

"Kirudishe kilipokuwa. Siku hiyo simama, sema limekushinda, kama alivyokwambia. Halafu ulale nyumbani kwako."

Nilimwona kama mtu aliyepungukiwa. Draya ya mke wangu ifanye kazi yake, halafu mimi nisimame mbele ya watu niseme imeshindikana?

Nikakitupa kijiti dirishani.

Nikapasha plagi, nikavuta kamba. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likalia. We! Sauti kali kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, moshi wa bluu, kibanda kizima kinatetemeka.

Moshi ukaniingia machoni. Ndivyo nilivyomwambia Mama Stoo.

Siku ya michezo ikafika. Uwanja ni majani yangu, nimeyakata mpaka yanang'aa. Kwenye meza kuu kitambaa cheupe, majagi ya juisi, na mwenye kiwanda mwenyewe, mzee mmoja mkavu ambaye huja mara moja kwa mwaka kuhakikisha kiwanda bado ni chake.

Meneja wa chupa gari lake linanguruma tayari.

Mkuu akashika kipaza sauti. Uso ameshauvalisha msiba.

"Mgeni rasmi, kwa masikitiko makubwa, gari langu limepata hitilafu. Nilimkabidhi fundi wetu. Fundi, hebu njoo uwaeleze."

Nikasogea na gari mkononi.

"Mkuu," nikasema kwenye kipaza sauti, "limepona."

"Nini?"

Nikaliweka chini, betri kwenye plagi, kamba moja. Likalia uwanja mzima. Watu wakapiga makofi, vigelegele, miluzi. Mwenye kiwanda naye akapiga makofi, mawili.

Nikamtazama Mkuu nipokee shukrani yangu.

Nimewahi kuona mtu akipewa habari ya msiba. Hakuwa na uso ule.

Akaishika rimoti kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga anayekojoa. Akabonyeza.

Lile gari likatoka kama limeambiwa kwao kunaungua. Likaenda mbele, sawa. Likageuka, sawa. Tatizo, gari likija kwako, kushoto kwake ni kulia kwako. Mtu mwenye vikombe kabatini hili analijua hata usingizini.

Mkuu alikata huku, gari likaenda kule.

Likapita katikati ya miguu ya askari wa geti. Likazunguka. Likaingia chini ya meza kuu, likanasa kitambaa, likaondoka nacho. Jagi la juisi likamwagika lote mapajani kwa mwenye kiwanda.

Gari limelala kichwa chini, magurudumu juu, bado linalia. Mungu anisamehe, nilijivuna. Halikuzimika.

Ndipo mke wa Mkuu aliposimama. Alikuwa mstari wa mbele, miwani ya jua, amenyooka. Nadhani na yeye alikuwa amevumilia mengi.

"Si nilikwambia?" akasema, bila kipaza sauti na wote tukasikia. "Si nilikwambia, waambie tu hujui kuendesha? Wewe ukakaa mezani unakata vijiti na wembe unaziba mipira! Haya, umezibuliwa!"

Mwenye kiwanda akaacha kujifuta. "Nani kaziba nini?"

Mkuu alinitazama mimi. Kwa macho yale ungedhani mimi ndiye niliyemwoza yule mama.

Jumatatu nikaitwa.

"Fundi, kanuni ni kanuni. Uhame."

"Lakini Mkuu, ulisema nikusaidie..."

"Ulinisaidia?"

"Sikuliwasha?"

Akashusha macho kwenye meza yake. "Funga mlango ukitoka."

Nikangoja mwenye kiwanda achukue hatua. Wakubwa hao, watalindana mpaka kiama. Suruali ilibadilishwa; meneja hakubadilishwa.

Nikahamia safu ya nyuma. Sasa nalala chumba kimoja na mpakiaji wa magodoro ambaye anakoroma, na asubuhi napanga foleni ya choo na watu niliowaona wakizaliwa.

Nyumba yangu wakampa bwana mmoja wa uhasibu na mkewe. Mkewe akaingia jikoni, akaona dari linavuja, akageuka palepale. Akaja wa pili, vilevile. Hakuna aliyetaka.

Mama Stoo akaenda ofisini. Akawaambia mashine za majani zinaharibikia kwenye kibanda, na kuna sebule kavu imekaa bure. Hawakuuliza hata ni ipi. Wakamkubalia.

Jioni ile akaja kwenye foleni ya maji, akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Shemeji, karakana yako imehamishwa. Usichelewe kazini kesho."

Nikautazama ule ufunguo. Niliutambua kwa meno yake.

"Wakijua je?"

"Wajue nini? Mashine si zinataka mahali pakavu?"

Kwa hiyo usiku mimi ni kapera. Mchana niko kwangu. Mashine nne za majani zimekaa sebuleni kama wageni, na mimi nakaa nazo mpaka jua linapozama. Kodi ya nyumba hawanikati tena, maana kwa karatasi zao pale haishi mtu.

Wewe unayesoma hii, mkubwa akikuletea kitu kibovu, usikimbilie spana. Mtazame kwanza usoni. Wapo wanaotaka kipone, na wapo wanaotaka kifie mikononi mwako.

Wa pili ndio huongea kwa upole.